Shingo ya Kina Tangarife

Mara ya kwanza kumwona Eliécer Tangarife, kanisa zima la kijiji chetu, La Cabuya, lilikuwa limeinamisha kichwa isipokuwa yeye na mimi. Sababu yake nitaieleza. Yangu ilikuwa udadisi tu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilishachoka kutazama visigino vya shangazi yangu. Padre ameinua hostia, kengele inalia, wanaume wamevua kofia, na kule nyuma karibu na mlango nikaona kidevu kimoja kimesimama juu, kope zimeshuka nusu. Alikuwa kama mtu anayetutazama sote kutoka kileleni na bado hajaona cha maana.

Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Nasema hivi kwa sababu sasa sina wa kumwonea haya. Mimi ni binti ya Crisanto Urrego, na nyumbani kwetu watu waliinama sana. Baba aliinama kwa padre, akainama kwa mnunuzi wa kahawa, akainama hata kwa karani wa mnunuzi, kijana aliyekuwa na chunusi. Alikuwa na mgongo mzuri, mrefu, na sikuwahi kuuona umenyooka mbele ya mtu mwenye viatu vya kung'aa. Nilijiapia kwamba sitaolewa na mtu wa kuinama. Basi nikalala miaka hamsini na mitatu ubavuni mwa mwanamume mmoja nikijivunia jambo moja, kwamba shingo yake haikushuka kwa mtu yeyote. Halafu, tumeshazeeka, akaja daktari na kisanduku cha barafu akaniambia ni kope.

Kina Tangarife walikuwa hivyo tangu zamani, au tuseme nusu yao. Katika kila nyumba ya ukoo ule, watoto wengine walizaliwa na macho kama yako na yangu, wengine wakazaliwa na kope zilizolala na mboni zisizopanda. Mtoto wa namna hiyo akitaka kukuona usoni, sharti ainue kidevu. Akitaka kuona pembeni, anageuza kichwa kizima kama kuku. Pale kijijini walikuwa na maelezo yao. Walisema babu wa babu yao alikataa kumpigia magoti askofu aliyepita kijijini siku ya mvua, na askofu akamwambia, "Basi, kaa hivyo hivyo." Mama yake Eliécer, Mama Purificación, ambaye alikuwa ameolewa tu kwenye ukoo ule na hakuwahi kumkosea askofu yeyote, aliwasha mshumaa kila Ijumaa kuomba radhi kwa dhambi isiyokuwa yake. Watoto watano kati ya wanane aliowazaa walikuwa na kidevu hicho. Hesabu mwenyewe mishumaa.

Watu wengine hawakuhitaji hata askofu. "Mtazame yule," shangazi yangu alisema tukitoka misa. "Anadhani sisi ni kokoto."

"Labda sisi ni kokoto," nikamjibu, na nikala kofi.

Kazi yake ilikuwa kuongoza nyumbu wa mizigo. Barabara haikuwapo siku zile. Kahawa yote ya mlima wetu ilishuka mgongoni mwa nyumbu, siku mbili hadi stesheni ya treni, na vyote tulivyovihitaji vilipanda vivyo hivyo: chumvi, misumari, mafuta ya taa, vitambaa, na mwaka mmoja kiti cha daktari wa meno, kimefungwa juu ya jike mmoja aliyeitwa Golondrina, ambaye njia nzima alionekana kama anayekwenda kung'olewa yeye. Eliécer alikuwa na nyumbu kumi na wawili. Watu walijiuliza kipofu-nusu yule anaiona vipi njia. Hawakufikiri vizuri. Macho yake yalikuwa yametegwa kutazama chini. Akikiweka kichwa usawa wa watu wengine, alichokiona ni ardhi. Ile njia ilikuwa matope na mawe, na yeye aliyasoma matope kama padre anavyosoma kitabu. Angekuambia leo kwamba nyumbu fulani atachechemea kesho, na kesho anachechemea.

Nyumbu akipakiwa hufunikwa macho kwa kipande cha ngozi, atulie, asione gunia linavyomjia. Eliécer alikuwa na mzaha wake juu ya hilo. "Mimi Mungu alinifunika nusu tu," alikuwa akiwaambia wenzake, "ndiyo maana napakiwa huku nalalamika."

Alizungumza nami mara tatu kabla ya kuja kuposa. Mara zote tatu ilikuwa kisimani na mara zote tatu tulizungumzia mvua. Sikuhitaji zaidi.

Kuposa kwa La Cabuya kulikuwa na utaratibu wake. Kijana anakuja Jumapili baada ya misa pamoja na mkubwa mmoja wa ukoo wake. Anasimama katikati ya sebule, anavua kofia, anainamisha kichwa mbele ya baba wa msichana, anakaa hivyo kimya. Baba anamwacha kadiri anavyotaka. Wengine waliachwa mpaka shingo ikafa ganzi. Baba akisema, "Inua kichwa, mwanangu," maneno yamekwisha, msichana ameolewa.

Eliécer alikuja na ami yake Belarmino, ambaye macho yake yalikuwa ya kawaida. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikiwa na trei ya vikombe vya chokoleti, kwa sababu msichana hapaswi kuwapo lakini chokoleti inapaswa. Akavua kofia. Akaishika kifuani. Na kidevu kikabaki juu.

Baba akangoja. Ami Belarmino akakohoa. Chokoleti ikaanza kuota utando.

"Kijana," baba akasema hatimaye, "unatafuta nini darini?"

"Darini sitafuti kitu, Mzee Crisanto. Nimekuja kumwomba Rosmira."

"Basi inama uombe."

"Nitaomba hivi hivi, mzee, kwa ruhusa yako."

Nilimwona ami Belarmino akimkanyaga mguu. Alimkanyaga hasa, kwa uzito wote, na Belarmino hakuwa mtu mwembamba. Kidevu hakikutikisika.

"Nimeinamia watu maisha yangu yote," baba akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Sitampa binti yangu mtu ambaye hawezi kuniinamia mimi mara moja."

Wakaondoka. Na mimi, niliyekuwa nimesimama pale na trei, nilikuwa nimekwishaamua. Mwanamume aliyekataa kuinama hata kwa kunipata mimi, huyo ndiye niliyekuwa nimemtaka tangu kanisani. Usiniulize kama ina maana. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Jumanne, nyumbu walipokuwa wanapakiwa, nilitokea na furushi la nguo kichwani nikasimama katikati yao.

"Unakwenda wapi?" Eliécer akauliza.

"Kwa mama yako."

Akaniinulia kidevu, akanitazama kwa muda. "Mama atawasha mshumaa mwingine," akasema, akalichukua lile furushi akalifunga juu ya Golondrina.

Padre alitufungisha ndoa baada ya wiki tatu, kwa kunung'unika, kwa sababu dhambi ilimtia hofu kuliko ufedhuli. Baba hakunisemesha hadi alipozaliwa Fabiola, binti yetu wa kwanza. Alikuja amevaa kofia mpya, akasimama kando ya kitanda cha mtoto. Mtoto akainua kidevu kidogo kama njugu, kope nusu, akamkagua. Baba akacheka mpaka akatafuta kiti. "Na huyu naye," akasema, "anatafuta darini." Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili, na ndiye aliyemfundisha Fabiola kutembea, akimwekea vitu vizuri mahali pa juu.

Nikikaa barazani jioni ni miaka ile inayonirudia. Kengele ya nyumbu wa mbele, ambayo niliisikia tangu wanapovuka korongo, na nilikuwa na saa nzima ya kupika maharage kabla hawajafika. Harufu ya ngozi iliyolowa na gunia la kahawa. Wanaume wakiitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine matusi ambayo yangemfanya padre azimie, na kila mmoja akicheka upande wake. Kisha Eliécer anaingia, ruana yake ya sufu aliyojifunika mabegani inadondosha maji, anageuza kichwa kizima kunitafuta. Sikuwahi kuzoea jambo lile. Waume wa wenzangu waliwatupia jicho. Mimi wangu alinielekezea uso wote.

Na nilijivuna, sikatai. Kulikuwa na mnunuzi wa kahawa, Bwana Heriberto, ambaye kila msimu wanaume walipanga mstari mbele ya mizani yake na kushusha kofia na vichwa pamoja. Eliécer alishusha kofia tu.

"Tangarife," Bwana Heriberto akamwuliza mbele ya wote, "shingo inakuuma?"

"Haiumi, bwana. Inafanya kazi vizuri."

Msimu mzima akatunyima mizigo. Tulikula ndizi na maharage, kisha maharage na ndizi. Wenzangu mtoni waliniuliza kwa nini simshauri mume wangu apunguze kiburi. Nikawaambia, "Wangu hajui kushuka. Wenu hawajui kupanda." Nilisugua nguo peke yangu mwezi mzima kwa neno lile, na ningelisema tena.

Hata serikali ilijaribu. Vilipoanza kudaiwa vitambulisho, alikwenda mjini kwa mpiga picha, mtu mfupi mwenye haraka.

"Shusha kidevu, bwana. Zaidi. Haya, sasa fumbua macho."

"Yamefumbuka."

"Hayajafumbuka."

"Wewe ndiye uliyeniambia nishushe."

Picha ikatoka ya mtu aliyelala. Karani wa vitambulisho akairudisha, akasema serikali haimpi kitambulisho mtu aliyelala. Akapigwa ya pili, amelala vilevile, na kinywa wazi kwa kujaribu. Safari ya tatu nilikwenda naye mwenyewe. Nikamwambia yule mfupi, "Mpige kama alivyo, au nitakaa kwenye kiti hiki na wateja wako wote watapigwa picha mimi nikiwa mapajani mwao." Kitambulisho kikatoka na kidevu juu, kope nusu, kama mtu anayeitazama serikali yenyewe na hajaona cha maana. Ninacho hadi leo.

Kisha barabara ikaja, na malori. Katika miaka miwili hakuna aliyehitaji nyumbu. Aliwauza wote isipokuwa Golondrina, ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu alikuwa na tabia moja mbaya: hakujua kusimama. Ukifika mahali pa kushusha mzigo, yeye anapitiliza. Mara ngapi Eliécer alimkimbilia mpaka kijiji cha mbele, chumvi ya watu mgongoni. Akazeekea nyuma ya nyumba yetu, akiizunguka migomba bila sababu, na sisi tukazeeka mbele.

Sasa nifike kwa daktari.

Dalila, binti ya Fabiola, ndiye aliyemleta. Dalila anashona kwenye kiwanda mjini na ana kope za babu yake, na ilimlazimu kuangalia sindano kwa kichwa kilichoegemea nyuma mpaka shingo ikamchosha. Akaenda hospitali. Daktari pale, mwanamke kijana jina lake Piedad, akamwuliza kama kuna mwingine katika familia. Dalila akacheka. "Daktari," akamwambia, "chukua gari."

Akaja Jumamosi moja na kisanduku chake cha barafu, akachukua damu ya kina Tangarife kumi na tisa barazani kwangu, wenye kidevu na wasio nacho. Eliécer alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati.

"Chukua, binti. Ila usimalize. Kuna watu bado sijawagombeza."

Baada ya miezi minane akarudi na karatasi. Watu walijaa hadi uani. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa maji ya sukari guru niliyompa, akaeleza polepole, na nitamsifu, hakuzungumza nasi kama watoto.

Alisema ndani ya mwili, humo ndani kabisa ambamo jicho halifiki, kuna wapagazi. Wanatembea juu ya nyuzi, hatua kwa hatua, wamebeba mizigo kutoka mahali inapotengenezwa hadi inapotakiwa. Kila mpagazi ana maandishi yanayoeleza namna ya kumuumba, na maandishi hayo ndiyo jeni, tunayoirithi kwa baba na mama. Hii ya kwetu ina jina la herufi na namba kama gari, KIF21A. Kwa kina Tangarife kuna herufi moja iliyokosewa. Mtoto akiwa bado tumboni, mishipa inayotakiwa kuota kuelekea kwenye misuli ya kuinua jicho na kope haikui inavyopasa. Akizaliwa, kope hazina wa kuziinua.

"Kwa hiyo mpagazi ni mvivu," Eliécer akasema.

"Hapana, mzee. Hilo ndilo la ajabu. Hajui kupumzika. Wenzake wakishamaliza kazi wanajikunja wanatulia. Huyu anaendelea tu."

Eliécer akainua kidevu juu zaidi, akamtazama yule binti vizuri. "Golondrina," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa na nyumbu wa hivyo. Mvivu unamchapa, anakwenda. Asiyejua kusimama ni balaa, mzigo unafika kijiji kisichouhitaji." Akageuza kichwa kizima kuwatazama wajukuu. "Mnasikia? Tuna Golondrina kwenye macho."

Watu wakacheka, na daktari akaandika jambo lile kwenye daftari lake. Mzee mmoja akauliza habari za askofu. Daktari akasema hakuna askofu, hakuna dhambi ya mtu, ni herufi moja. Mimi nilifikiri, herufi moja tu. Mimi hukosea nyingi na barua zangu zinafika. Lakini niliwaona wengine wakifuta machozi. Eliécer mwenyewe akasema taratibu, "Mama alipoteza mishumaa bure."

Mimi ndiye niliyeuliza. "Na shingo?"

"Shingo ina nini, Mama Rosmira?"

"Hawainami. Shingo nayo ina mpagazi?"

"Shingo zao ni nzima kabisa. Wanainua kidevu ili waone chini ya kope, basi. Ni mwili unajitafutia njia."

Ili waone. Nikaenda jikoni na kuziosha sufuria zilizokuwa safi.

Nielewe. Wengine wote siku ile waliondolewa mzigo. Mimi niliondolewa mume. Nilikuwa nimemkimbia baba yangu kwa ajili ya shingo isiyoinama, nimekula ndizi na maharage msimu mzima kwa ajili yake, nimegombana na wanawake wa mto mzima. Na sasa kumbe ni kope. Kumbe hata yule aliyesimama kanisani alikuwa mtu anayetafuta tu namna ya kuona.

Asubuhi yake akaja jirani yangu Ubaldina, ambaye kwa miaka arobaini aliniita mke wa tausi. Aliniletea jibini.

"Shoga," akasema, na sauti ya msibani, "maskini Eliécer. Kumbe mgonjwa, na sisi tulimwita mwenye kiburi. Tumemsamehe."

"Nani amekuomba msamaha?"

"Mimi nasema tu, hakuwa na kiburi."

"Alikuwa nacho," nikasema. "Toka na jibini yako."

Lakini jibini niliibakisha.

Siku tatu sikumsemesha. Nilimwekea chakula mezani kama anavyowekewa mpangaji. Yeye hakuuliza, kwa sababu alinijua. Siku ya nne nikamkuta barazani anamenya maharage kwenye bakuli, kichwa usawa, anatazama mikono yake. Nikakaa mkabala wake.

"Shingo yako ni nzima," nikamwambia.

"Ndivyo alivyosema binti."

"Ungeweza kuinama."

"Ningeweza."

"Mbele ya baba yangu, siku ile. Ungeweza."

"Ningeweza, Rosmira."

"Basi kwa nini hukuinama?"

Akamenya maharage matatu, manne. Mkono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa kiti.

"Ulikuwa umesimama wapi?" akauliza.

"Mlangoni jikoni. Unajua."

"Na trei."

"Na trei, ndiyo."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Nitakumbuka vipi? Miaka hamsini na mitatu."

"Gauni la kijani. Kola ilikuwa imechanika ikashonwa upya kwa uzi mweupe, hapa, upande huu." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Ningeinama ningeona viatu vya baba yako. Viatu vya baba yako nilikuwa nimeshaviona."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Nikayatazama maganda ya maharage.

"Kwa hiyo hakikuwa kiburi," nikasema.

"Hakikuwa."

"Ungenipoteza. Baba alikukatalia."

"Niliona ningekupoteza, nikasema basi acha niangalie vizuri."

"Na mimi nimewaambia watu miaka yote hii..."

"Najua ulivyowaambia. Nilikuwa nakusikia." Akatabasamu kwenye bakuli. "Nilipenda kukusikia."

"Na kanisani?"

"Kanisani vilevile ni wewe."

"Hukunijua kanisani. Kabla yangu ulikuwa unatazama nini?"

"Kabla yako, popo. Kuna kundi zima pale juu ya sanamu ya mtakatifu Yosefu."

Nilitaka kucheka na sikutaka anione. Bado nilikuwa na jambo moja. Nilisita kuliuliza, kwa sababu likijibiwa vibaya nisingebaki na kitu.

"Na kwa Bwana Heriberto? Kule mizanini sikuwapo mimi."

Eliécer akaacha maharage. Akainua kidevu taratibu, mpaka pale kwenye kipimo chake, kope nusu, akanitazama na uso wote.

"Pale," akasema, "hapakuwa na cha kutazama. Pale niliinua makusudi."

Niliingia jikoni nikamkaangia ndizi mbivu kwa mafuta mengi, anavyozipenda, na nikazileta mwenyewe hadi mkononi mwake. Akala zote. Ubaldina alipopita njiani nikamwita, nikamwambia aje achukue sahani yake ya jibini, na kwamba anaweza kuondoa msamaha wake, hauhitajiki.

Eliécer alikufa miaka miwili baadaye, mwezi wa mvua, baada ya chakula cha mchana, amekaa. Wanawake waliomwosha walimlaza kama wanavyowalaza watu wote, kichwa usawa, kitambaa chini ya taya, kidevu kimekaa kifuani. Wakaniita nimwone. Nikamwona mzee fulani. Alikuwa kama ile picha ya kwanza ya kitambulisho.

"Huyu simjui," nikasema.

Nikachukua ruana yake, nikaikunja mara nne, nikaiingiza chini ya shingo na mabega mpaka kichwa kikaegemea nyuma na kidevu kikapanda. Ndipo akawa yeye. Seremala akaja na kifuniko, akakijaribu, akakuna kichwa.

"Mama Rosmira, hakifungi. Kidevu kinagusa."

"Ongeza ubao."

"Sanduku limeshakwisha, mama."

"Halijakwisha. Kuna mtu ndani hajaenea."

Akaongeza ubao wa vidole vitatu kuzunguka ukingo wote. Haukuwa wa rangi moja na wengine, na watu walisema sanduku lile linafanana na kiatu kilichotiwa soli. Na waseme.

Kanisani, kwenye misa ya mazishi, nilikaa mbele na Dalila. Alikuwa ameshainuliwa kope kwa upasuaji mdogo, anaona sindano yake vizuri sasa, lakini kidevu hakijashuka. Anasema ndiko alikozoea kukiweka. Padre, huyu wa sasa, kijana, akainua hostia. Kengele ikalia. Nikasikia mabenchi yakilia na kanisa zima likainama. Mimi niliinua macho juu ya mtakatifu Yosefu. Popo bado wapo. Walikuwa wanne au watano, wananing'inia, na mmoja anajikuna.

Dalila akanigusa kiwiko. "Bibi," akanong'ona, "inama. Watu watatuona."

"Watatuonaje," nikamwambia, "na wao wameinama?"